Abiria wa Fundi

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa asubuhi ile mke wangu alipokaa kwenye usukani.

Nasema hivyo mimi niliyeendesha malori tangu ujana hadi siku sukari iliponinyang'anya macho. Nimeteremka milima na shehena ya saruji huku breki zinanuka. Nimewahi kupasukiwa na tairi la mbele gari likiwa kwenye kasi, nikashuka nikalibadilisha huku napiga mluzi. Lakini asubuhi ile, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva, fimbo katikati ya magoti, niliusikia ufunguo ukitafuta tundu, ukikosa, ukitafuta tena.

"Mzee, mbona unahema hivyo?" mke wangu akauliza.

"Joto," nikasema.

Madirisha yote yalikuwa wazi na kulikuwa na baridi ya kutia vidole mfukoni.

Mambo yalianza hivi. Macho yalipokwisha, figo nazo zikadai zamu yao. Sasa natakiwa kwenda hospitali kuu mara tatu kwa wiki, nichomwe sindano mbili za mkono, niunganishwe na mashine inisafishe damu. Nikikosa safari moja, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba na pumzi inakuwa ya kuomba. Nikikosa mbili, tusidanganyane. Hospitali iko upande wa pili wa mji, ng'ambo ya daraja. Aliyekuwa akinipeleka ni mwanetu wa kwanza, kwa gari letu dogo kuukuu. Basi akapata kazi ya maana mji mwingine. Alikuja kutuambia akizungukazunguka maneno kama mtu aliyevunja kikombe. Nikamwambia aende, ana watoto wanaosoma. Ilibaki miezi mitatu aondoke, na hadi hapo angeendelea kunipeleka.

Kitinda mimba wetu ni binti, na ni mtu wa kupanga mambo. Anakaa karibu na hospitali, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyokwishajaa watu. Akasema, "Baba atakuja kwangu. Kochi la sebuleni linakunjuka. Mama abaki na kazi zake, tutakuwa tunamleta amwone." Alisema kwa upendo na hakukosea hata neno moja. Mama yake hawezi kuhamia kule. Yeye ndiye anayetulisha, na karakana yake ya ushonaji ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambapo wateja wanaijua njia hata wakiwa usingizini. Kwa hiyo ningeenda peke yangu. Ningeamka kwenye kochi la kukunjuka, gizani, bila kumsikia yule mwanamke akikohoa jikoni, leo, kesho, mpaka nife. Hicho ndicho nilichokiona mbele yangu, na siku hizo sikuwa naona kitu kingine.

Cherehani ikanyamaza. Mtaa mzima humwita mke wangu Fundi, na mimi nimezoea hivyo hivyo. Fundi akasema, "Hakuna anayehama. Nitajifunza gari."

Binti akacheka. Kaka yake akacheka. Mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kuliko wote. Huyu ni mwanamke aliyepita sitini, hajapanda hata baiskeli, na nikikata kona alikuwa anafumba macho.

"Cheka," akaniambia. "Ukimaliza uniambie ufunguo uko wapi."

Mwalimu wake alikuwa msichana mwenye sauti ya upole na mguu mzito. Uzito wa mguu niliujua kwa sababu gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu, na ile breki ilikuwa haipumziki. Aliniruhusu nikae nyuma, nadhani kwa kunihurumia, na nikamlipa kwa kelele. "Klachi! Klachi kwanza! Punguza mafuta!"

"Baba," akasema siku ya pili, "walimu humu tuko wangapi?"

Hatukumaliza mtaa mmoja nikawa nimeanza tena. Sio kwamba nilikuwa mjuaji tu. Mtu akiendesha, huwa anashika kitu. Mimi nilishika fimbo, na fimbo haikati kona. Kila gari lilipoyumba niliona tunakufa wote watatu, yule msichana wa watu akiwa bado hajaolewa.

Halafu kulikuwa na jambo la ajabu. Kila kitu kilipotokea ghafla mbele yetu, mtoto, mbwa, pikipiki, nilisikia kofi: pa! Kisha gari likaendelea kwenda vilevile mpaka mwalimu akanyage breki yake. Siku ya mkokoteni wa magodoro, mwalimu alichelewa kidogo. Pa! ikalia, na gari likaingia kwenye godoro la juu kwa mlio laini ambao sitausahau. Mwenye mkokoteni alitutukana mpaka nikamheshimu.

Mwalimu akazima gari. "Mama, ukiona hatari unakanyaga breki. Kwa nini unaupiga mlango?"

"Nimeupiga mlango?"

"Unaupiga kila mara. Kwa mkono wa kulia."

"Sijui," Fundi akasema, na nilisikia kwamba kweli hajui.

Mwalimu akaongea polepole. Alisema watu wengine huanza wakiwa wamechelewa, na hakuna aibu mtu akiamua kuacha. Tulipofika nyumbani, Fundi alikwenda moja kwa moja bafuni, akafungulia bomba mpaka mwisho. Mtu akipoteza macho, watu husahau kwamba masikio yake bado yapo. Nilimsikia anatapika. Nikasimama ukumbini nimeshika ukuta, na sikubisha hodi, kwa sababu kama angefungua ningesema nini? Niseme usiogope, mimi ninayepiga kelele kila kona?

Mchana wake nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango wa karakana. Alikuwa akishona sare za shule. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na ina gurudumu dogo kulia kwake. Kanyagio likaimba, mshono ukaenda hadi mwisho wa kitambaa, halafu: pa!

Nikageuza sikio.

"Fundi. Shona tena."

"Si ndiyo ninayofanya?"

"Shona, halafu simama."

Akashona, akasimama. Pa! Kiganja kwenye gurudumu. Sauti hiyo imo nyumbani mwangu tangu wiki tuliyooana, na sikuwa nimeisikia hata siku moja.

"Unasimamisha gari kwa mkono," nikamwambia.

Nilimsikia akilizungusha lile gurudumu kidogo, akilisimamisha, akilizungusha tena. Akaanza kucheka, akakatisha. "Mguu kwangu ni wa kwendea," akasema. "Mkono ndio wa kusimamia. Miaka yote hii. Sasa nitaukata?"

Hakuukata, ila aliutesa. Kuanzia siku hiyo alijikataza kuligusa gurudumu. Alishona akisimamisha cherehani kwa miguu peke yake, na mimi kando yake nikiwa barabara. "Mtoto!" napiga kelele. "Lori! Mbuzi!" Anakaza miguu, kanyagio linakwama, cherehani inarudi kinyume, uzi unakatika. Mteja mmoja alisimama mlangoni akasikiliza kwa muda, kisha akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo Fundi. Huyo mbuzi, mzee amemwona wapi?"

Tulicheka, lakini kazi ikaanza kuharibika. Mkono uliojua kila kitu sasa ulikuwa unasita. Mfuko wa shati ulishonwa umepinda. Mkono wa koti ulifumuliwa mara tatu, na mwenye koti akalichukua likiwa vipande, akalipeleka kwa fundi mwingine. Fundi wangu alikaa mbele ya cherehani ambayo haiendi. "Na nikishindwa yote mawili?" akauliza. Nilikuwa nimeogopa kochi kiasi kwamba sikuwa nimefikiria kuwa naweza kumharibia mkono.

Mtihani wa kwanza wa leseni alianguka. Sikuambiwa, nilijua kwa jinsi alivyofunga geti. Binti yetu akaja na begi tupu, akaanza kukunja mashati yangu. Fundi hakumzuia. Aliingia karakana, na nikasikia kanyagio likianza, likisimama, likianza, likisimama, hakuna kofi, mpaka binti akapiga magoti mbele ya begi akasema, "Haya. Haya, mama. Jaribu tena."

Mtihani wa pili alipita. Sherehe hatukufanya, kwa sababu binti yetu alileta sharti lake siku hiyo hiyo. "Leseni nimeiona, mama, hongera. Lakini mtihani hufanyika uwanjani, si barabarani. Jumatatu mpeleke baba, nyinyi wawili tu, umrudishe. Mkifika salama kwenda na kurudi, sitasema tena neno. Ukishindwa hata nusu ya njia, namchukua siku hiyo hiyo." Fundi akasema sawa. Mimi sikuulizwa.

Jumapili mwalimu alinipigia simu mimi, sio yeye. "Baba, nina ombi. Mkono wa mama umetulia, lakini akishtuka unarudi mlangoni. Na kinachomshtua kuliko magari ni wewe. Tafadhali, usipige kelele. Hata iweje."

"Hata tukianguka?"

"Hata hapo, baba."

Jumatatu tukatoka. Gari letu halina breki ya pili. Nilikaa mbele, kushoto kwake, mdomo nimeubana. Njia yote naijua kwa makalio: matuta, kituo cha mafuta kinachonuka, mzunguko, kisha mwinuko wa kupandia daraja. Kwenye mzunguko alisubiri mpaka nikadhani amelala, halafu akaingia vizuri kabisa. Sikumsifu. Hata sifa ni kelele.

Kwenye mwinuko tukakuta foleni. Gari likasimama limeinua pua. Nyuma yetu likaja lori, na hilo nililitambua kabla halijasimama: lina mzigo kamili, breki zake za upepo zinapiga chafya, na dereva wake anakanyaga mafuta bure kwa kukosa subira. Alikuwa karibu mno. Nilihisi joto la injini yake kwenye kisogo, au niliwaza hivyo.

Foleni ikasogea. Fundi akaachia klachi haraka. Injini ikakohoa, ikazimika.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Kitu hicho dereva haambiwi, anakijua kwa shingo. Maneno yalinijaa mdomoni yote kwa pamoja: mguu, breki, kanyaga! Nikauma mdomo mpaka nikaonja chumvi. Lori likapiga honi, honi ya kupasua kifua, na upande wa kulia nikasikia kitambaa cha mkono wa gauni lake kikisugua mlango. Mkono ulikuwa umeondoka kwenye usukani. Nikasubiri kofi. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hivi watu wanavyokufa, na sikuweza hata kumuaga.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye breki ya mkono. Nikakuta umewahiwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa pale, wa baridi, umelowa, na umeivuta breki hadi juu. Na mguu wake ulikuwa umekanyaga. Gari lilikuwa limesimama kabisa, ila nilikuwa bado naanguka ndani yangu.

"Usiseme kitu," akasema.

"Sijasema."

"Unahema kama mtu anayesema."

Honi ikalia tena, ndefu. Ndipo nikasema neno ambalo sikuwahi kulitoa mbele yake tangu anijue, hata siku daktari alipotuambia macho hayarudi. "Ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kufa. Na lile kochi. Kochi ndilo zaidi."

Akavuta pumzi. "Mimi naogopa tangu siku niliyowaambia nitajifunza. Kila asubuhi natapika."

"Najua."

"Unajua, na umenyamaza?"

"Ulifungulia bomba ili nisisikie. Nikakuheshimu."

Lori likapiga honi mara ya tatu. Fundi akafungua dirisha, akatoa kichwa, na mwanamke ambaye alikuwa akinong'ona na mimi sasa hivi akapaza sauti mpaka ng'ambo ya daraja: "We baba! Una mgonjwa humo ndani? Mimi ninaye! Tulia!"

Lori likatulia. Nikaona haya kwa niaba ya madereva wote wa malori, maana ningekuwa mimi ningepiga honi ya nne. Fundi akawasha, akaingiza gia, akapandisha klachi pole pole hadi gari likatetemeka, akashusha breki ya mkono. Tukapanda.

Hospitalini nesi akaniuliza kijana wangu yuko wapi leo. "Kaletwa na mimi," Fundi akasema, kavu, kama vile swali halina maana. Alikaa kwenye benchi la nje muda wote niliokuwa kwenye mashine. Binti alipiga simu. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia Fundi akimjibu, "Tumefika." Kimya. Kisha, "Najua. Kurudi bado."

Mashine ikishamaliza huniacha mwepesi na baridi, kama nguo iliyokamuliwa. Tuliporudi garini nilijipangia kukaa macho, nimlindie njia kwa masikio. Tulishuka daraja, tukazunguka mzunguko. Nakumbuka harufu ya kituo cha mafuta. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipozinduka, injini ilikuwa imezimwa. Kulikuwa na utulivu, na redio ya jirani ikisoma habari kwa mbali. Kifuani kwangu kulikuwa na uzito. Nikaushika, ukawa mkono wake wa kulia. Nilijua kwa sugu ya mkasi kwenye kidole gumba.

"Tumegonga?" nikauliza.

"Tuko nyumbani."

"Tumefika saa ngapi?"

"Kitambo."

"Mbona hukuniamsha?"

Alipojibu, sauti haikuwa ile ninayoifahamu. "Ulinyamaza pale kwenye kituo cha mafuta. Nikakuita, hukuitika. Nikakuita tena, nikapaza, hukuitika. Sikuweza kukugeukia, magari yalikuwa yananijia. Nimeendesha kutoka kule hadi hapa sijui kama nimebeba mume au maiti."

"Ungesimama pembeni, Fundi. Ungenigusa tu."

"Nilifikiria. Nikaogopa nikikugusa nitakuta ni kweli, halafu sitaweza tena kuendesha. Nikasema, acha kwanza nimfikishe nyumbani."

Kiganja chake kilikuwa kikipanda na kushuka na pumzi yangu. Nikakifunika kwa changu. Tulikaa hivyo, mlango wa karakana uko hatua chache mbele yetu na hakuna aliyefungua mlango wa gari.

"Jumatano," akasema, "utaongea njia nzima. Pumba, matusi, chochote. Umenisikia?"

"Mwalimu alikataza. Nikipiga kelele mkono utarudi mlangoni."

"Urudi," akasema. "Nitaushusha. Wewe ongea."